Bi Harusi, Umeshauliza Utazalia Wapi?



Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu bi harusi mmoja na mama yake na mama yake mdogo. Nikamsimamisha mbele ya kioo, nikavuta futi yangu shingoni, nikaanza kupima bega, kifua, kiuno na urefu. Huku napima, tunazungumza. Ndoa ni Mfungo Mosi inshaallah, na mume yuko Muscat, ana kazi yake huko miaka minne sasa. Fungate ikimalizika tu, safari. Mama mtu alikuwa na orodha ndefu ya mambo yaliyokamilika: singo, udi, hina na piko, sanduku, viatu vya siku ya ndoa na viatu vya siku ya kupamba. Mashaallah, hakuna kilichosahauliwa.

Nikamuuliza bi harusi, "Mwanangu, na hospitali?"

Akacheka kwa haya, akaangalia chini. Mama yake akanijibu, "Ah, hayo ya Mungu, yatakuja kwa wakati wake."

Ni kweli, mtoto ni wa Mungu. Lakini hospitali ni ya binadamu, na binadamu ana bei yake, ana saa zake za kazi na ana masharti yake. Mimi nilijifunza hilo nikiwa na miaka 28, katika nchi isiyokuwa yangu, saa nane ya usiku. Nimekuwa nikilisimulia kwa mdomo kwa kila bi harusi anayekwenda nje, na leo nimeamua kuliandika.

Mimi si daktari. Nimesoma mpaka kidato cha nne, kisha nikachukua kozi ya ushoni, na mpaka leo nakula kwa cherehani. Haya ninayoyasema ni ya mtu aliyepita njia hiyo na kuumia.

Niliolewa na miaka 26. Mume wangu ni mtoto wa hapa hapa Unguja, alikuwa akifanya kazi Muscat, nami nikamfuata kwa viza ya familia. Sisi watu wa visiwani Muscat hatuioni ugenini sana. Unaingia dukani Seeb au Mutrah, unamsikia bibi wa makamo anazungumza Kiswahili safi kuliko cha kwetu, kwa sababu kazaliwa Malindi au Ng'ambo, au wazee wake walihama baada ya 1964. Unajiona uko nyumbani. Na hapo ndipo ulipokuwa mtego wangu. Lugha ni yetu, dini ni yetu, vyakula ni vyetu, kwa hiyo nikasahau kwamba kwenye karatasi mimi ni mgeni.

Hospitali za serikali kule kimsingi zimewekwa kwa ajili ya wananchi wa Oman. Sisi wageni, wafanyakazi na familia zetu, kwa kawaida tunakwenda hospitali za binafsi, ambazo ziko nyingi, kubwa kwa ndogo, zenye madaktari wengi kutoka India na kwengineko. Zote zina leseni ya Wizara ya Afya. Lakini leseni ni kama kujua kwamba fundi ana cherehani. Haikwambii kama anajua kushona shela.

Nilipopata mimba tulichagua hospitali kama watu wanavyochagua ukumbi wa harusi. Ilikuwa na marumaru zinazong'aa, mapokezi yananukia udi, chumba cha mzazi kina kochi la mgeni na maua mezani. Mimi niliuliza mambo matatu tu: bei ya kujifungua ni kiasi gani, je nitapata chumba cha peke yangu, na je kuna daktari mwanamke. Wakanijibu vizuri. Daktari mwanamke yupo, mpole, na nikampenda. Bei yenyewe tukaiona tunaiweza. Tukatoka pale tunafurahi.

Chini ya jengo letu alikuwa anakaa bibi mmoja wa Kiomani, mzaliwa wa Kikwajuni. Nilikuwa nikimpelekea mkate wa kumimina, naye ananiita mwanangu. Nilipomwambia nimeshapata hospitali, akaniuliza, "Na mtoto akija kabla ya siku zake, wanaweza kumshika?"

Nikamwambia, "Bibi, inshaallah hatokuja kabla ya siku zake."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Inshaallah, mwanangu. Lakini kauliza."

Sikuuliza. Niliona kama nikiuliza nitajitilia mkosi. Nadhani wengi wetu tuko hivyo. Tunahisi kuulizia shari ni kuiita.

Mimba ilipofika wiki ya 32 nikaamka usiku, kitanda kimerowa maji. Mume wangu akavaa kanzu kinyumenyume, tukapanda teksi. Pale hospitalini taa zote zinawaka, marumaru zinang'aa vile vile, lakini yule daktari wangu mwanamke hayupo. Yeye ni wa kliniki, anakuja asubuhi na jioni. Daktari wa zamu alikuwa mwanamme, kijana. Akanipima huku muuguzi amesimama pembeni, na nakiri alinisitiri vizuri, Allah amlipe. Kisha akatwambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: hapa hatuna sehemu ya kumlea mtoto wa umri huu. Wao walikuwa wakipokea watoto wa kuanzia wiki ya 34.

Wiki mbili tu zilikuwa zimetutenga na ule mlango.

Wakanichoma sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto yakomae, maana mtoto njiti mara nyingi hushindwa kuvuta pumzi mwenyewe. Wakanitafutia hospitali nyengine ya kunipeleka. Ya kwanza ikasema vitanda vya watoto vimejaa. Ya pili ikataka kujua kwanza nani atalipa. Mume wangu akasema ana bima. Ilipoangaliwa, bima ya kazini kwake ilikuwa yake peke yake. Mimi mkewe simo. Miaka miwili ya ndoa, hakuna kati yetu aliyewahi kuisoma ile karatasi mpaka mwisho.

Nilikuwa nimelala pale, uchungu unakuja na kuondoka, nasikia watu wanapigiana simu juu ya riyali. Nikampigia mama yangu Unguja. Hakuweza kunisaidia na chochote, masikini. Alisoma tu, nami nikawa namsikiliza.

Aliyetusaidia ni yule bibi wa chini. Mume wangu alimpigia akamwamsha, naye akamwambia hospitali moja, jengo la zamani, viti vya plastiki, lifti inagugumia, lakini mjukuu wake alilelewa pale wakati alipozaliwa na miezi saba. Wakapiga simu, nafasi ipo. Wakataka amana ya riyali 500 kabla ya kunipokea. Riyali moja ya Oman ni kiasi cha dola mbili na senti sitini za Kimarekani, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Mume wangu alikuwa na riyali 180 benki. Zilizobaki alizitoa yule bibi, alfajiri, kwenye bahasha.

Nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Kulikuwa kunaadhiniwa.

Kule nikapewa makaratasi ya kusaini, upande mmoja Kiarabu na upande mwengine Kiingereza. Kiarabu changu ni cha kusomea Qur'ani, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nikasaini bila kuelewa nusu yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na mapigo yake ya moyo yanashuka, ikabidi nipasuliwe. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke, alhamdulillah. Wa usingizi alikuwa mwanamme. Nikaanza kulia, nikawa nasema kwa Kiswahili, "Mama yangu, mama yangu, mimi nitafanyaje?" Mara nikasikia sauti ya kike kutoka kwa karani wa kumbukumbu aliyeleta faili, msichana wa Kiomani kajifunga mtandio, ananijibu kwa Kiswahili: "Usilie, dada. Huyu wa usingizi hatokuona ila mgongo, na mimi nitasimama hapa." Akasimama kweli. Sijui hata jina lake.

Masheikh wetu wametufundisha utaratibu wa jambo hili. Atafutwe kwanza daktari mwanamke Muislamu. Asipopatikana, mwanamke asiyekuwa Muislamu. Akikosekana, basi mwanamme, kwa kiasi cha haja tu na pasiwe na faragha ya wawili. Dharura ina hukumu yake, na dini haikuja kutuua. Lakini nimejifunza kwamba dharura nyengine tunazitengeneza wenyewe kwa kutokuuliza mapema. Laiti ningeuliza miezi mitatu nyuma, "Usiku kuna nani?", ningejua nini cha kutarajia, na nisingekuwa nalia juu ya meza ya upasuaji.

Binti yangu alizaliwa na kilo moja na gramu 600. Sikumshika. Waliniinulia nikamuona kwa jicho moja, akapelekwa. Baba yake aliruhusiwa kuingia akiwa amevishwa joho na kofia ya hospitali, akamuadhinia kwa sauti ya chini kupitia dirisha dogo la kile kitanda cha joto.

Alikaa mle siku 23.

Siku hizo 23 kila mzazi wa mtoto njiti anazijua. Unakamua maziwa, unayapeleka kwenye chupa, muuguzi anayapitisha kwenye mpira mwembamba. Unanawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Nilikuwa kwenye arubaini yangu, siwezi kusali, sina mama wa kunikanda maji ya moto, nimebaki na dhikri na dua mdomoni. Siku ya saba nyumbani Unguja walichinja mbuzi wa akika na wakanitumia picha, mtoto mwenyewe yuko ndani ya kioo ana waya tatu. Siku ya 11 waliniruhusu nimuweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Nilikaa saa mbili sijajitikisa.

Na kila asubuhi muuguzi akitoka, anaingia mtu wa hesabu.

Ile bei niliyoambiwa katika hospitali ya mwanzo ilikuwa bei ya kujifungua kwa kawaida, mtoto mzima, usiku mmoja au miwili. Upasuaji una bei yake. Kitanda cha joto kina bei yake kwa kila siku. Dawa mbali, vipimo mbali, daktari wa watoto mbali. Yote yalipojumlishwa yalipita riyali 3,400. Bi harusi wangu, zidisha hizo kwa dola mbili na senti sitini, kisha kaa kitako.

Nilikuwa na bangili sita, kidani na pete mbili, dhahabu ya ndoa yangu. Dhahabu ile ni yangu mimi. Sheria ya dini iko wazi kwamba mume hana haki ya kugusa mahari ya mkewe wala zawadi zake bila ya ridhaa yake, na mume wangu hakuitaja hata siku moja. Nilimuona tu anakonda, halali, anapiga simu kwa watu. Siku moja nikamkabidhi mkoba nikamwambia, nenda Mutrah.

Kule sokoni dhahabu inapimwa kwa gramu. Nakshi ya fundi, ile ambayo mama na khaloo zangu waliichagua kwa wiki nzima, hailipwi chochote. Nilijua hilo kama mtu wa biashara, lakini kujua si sawa na kuliona linakutokea. Zilizobaki tukakopeshwa na marafiki wa kazini kwake, mkopo mwema usiokuwa na riba, Allah awalipe kheri.

Aliporudi kutoka sokoni alikaa chini akaandika kwenye karatasi kwamba mke wangu fulani ananidai gramu kadhaa za dhahabu, akatia saini, akawaita mashahidi wawili. Nikamwambia mbona unatutia aibu mbele ya watu. Akaniambia deni huandikwa, hata la mke. Ameshanilipa zaidi ya nusu. Karatasi ninayo mpaka leo kabatini, na kama kuna kitu kilichonifanya nimpende zaidi mume wangu ni karatasi ile.

Tulidhani tumemaliza, kumbe bado. Kusajili uzazi kunataka cheti cha ndoa. Chetu tulikuwa nacho, lakini hakijagongwa mihuri ya kuthibitishwa kwa matumizi ya nje. Shemegi yangu akazungushwa hapa Unguja ofisi hii na ile, na cheti kikasafiri kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja Muscat. Mtoto wangu alikaa muda bila ya cheti cha kuzaliwa, na bila ya cheti hicho hana pasi, na bila ya pasi hana ukaazi. Kitu ambacho kingenichukua siku chache kabla ya harusi, wakati nachagua rangi ya maua.

Basi, dada zangu, haya ndiyo ninayowaambia mabiharusi wangu wanaokwenda nje, iwe Muscat, Dubai, Doha au Uingereza. Kila nchi ina sheria zake, lakini maswali ni yale yale.

Kwanza, cheti cha ndoa. Kisajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kisha kithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi au ubalozi mdogo wa nchi unayokwenda, kabla hujapanda ndege. Toa nakala. Moja ibaki kwa mama yako. Katika nchi za Ghuba hospitali nyingi zitakuuliza cheti hicho tangu unapofungua faili la mimba.

Pili, bima. Muulize mume, kwa adabu na bila ya haya: je, mke yumo? Akisema yumo, uliza: uzazi umo? Kuna muda wa kusubiri kabla ya uzazi kulipiwa? Bima nyingi zinakutaka ukae miezi kadhaa kwanza, na mimba iliyotangulia bima huenda isilipiwe. Hospitali gani zimo kwenye orodha ya bima hiyo? Inalipa mpaka kiasi gani, na wewe unachangia sehemu gani? Na mtoto akizaliwa, analipiwa tangu siku ya kwanza au mpaka asajiliwe? Kama hakuna bima, basi mjue hivyo mapema mkaanza kuweka akiba kila mwezi.

Tatu, geuza nguo ndani. Mteja anayejua nguo hatazami shanga za mbele, anageuza aangalie bitana na mshono. Hospitali ni hivyo hivyo. Usiulize kuna kochi. Uliza: mtoto wa kuanzia wiki ngapi mnaweza kumlea hapa hapa? Daktari wa usingizi analala hapa au anaitwa nyumbani? Damu mnayo ndani au mnaagizia? Usiku wa manane kuna daktari gani, na mwanamke yupo? Mkishindwa, mnanipeleka wapi, na gari ni lenu? Mtu anayejua kazi yake hachukii maswali haya. Akikunjia uso, hilo nalo ni jibu.

Nne, bei kwa maandishi. Ya kawaida na ya upasuaji, zote mbili. Iandikwe kilichomo na kisichokuwemo: usiku ngapi, dawa, vipimo, daktari wa watoto. Uliza bei ya kitanda cha joto kwa siku moja. Uliza amana. Mimi nauza nguo, najua bei ya mdomo inavyonyooka na kupinda.

Tano, faili lako liwe mkononi mwako. Vipimo vyote vya kliniki, altrasaundi, kundi la damu, chukua nakala, weka kwenye mkoba mmoja mlangoni. Mimi nilihamishwa usiku na vipimo vyangu vikabaki kwenye kompyuta ya hospitali ya kwanza, ikabidi nitolewe damu upya huku nina uchungu.

Sita, mpate mtu wa lugha. Hata Muscat, ambako Kiswahili kimejaa, aliyekuwa ananihudumia alizungumza Kiingereza cha Kerala na mimi cha Unguja. Mwambie jirani au ndugu mapema kwamba siku ikifika utampigia. Na usisaini kitu hujasomewa. Una haki ya kuuliza kila mstari.

Saba, sitara yako iseme mapema. Mwambie daktari wako tangu kliniki kwamba unataka wanawake kila inapowezekana, na iandikwe kwenye faili. Wengi wanaheshimu. Ila ujue moyoni kwamba pakiwa hapana budi, uhai wako na wa mtoto unatangulia, na usijihukumu.

Nane, na hili ni langu la mwisho, watafute wanawake waliokutangulia. Siyo kwenye matangazo. Yule bibi wa Kikwajuni alijua kitu ambacho marumaru hazikuniambia, kwa sababu mjukuu wake alipitia pale. Akina mama wa mtaa wanajua hospitali ipi inalea mtoto na ipi inalea bili.

Kuna watakaosema huku ni kukosa tawakkul. Dada zangu, kisa cha yule bwana na ngamia wake mnakijua, tumefundishwa tangu chuoni. Kufunga kamba hakukatazi kumtegemea Mola. Mimi ngamia wangu nilimuacha wazi, nikasema inshaallah, na neno tukufu kama lile nikalifanya kisingizio cha uvivu. Allah kwa rehema Yake akanirudishia ngamia. Sitaki wewe umjaribu.

Nilimuuliza mume wangu kabla ya kuandika haya kama ana pingamizi. Akasema, "Andika. Waume nao wasome, maana mimi ndiye niliyekuwa sijaisoma ile karatasi." Tumerudi Unguja miaka mitatu sasa. Binti yetu ana miaka sita, anakwenda skuli, na akitoka anakuja dukani kunichanganyia vifungo vyangu vyeupe na vya rangi ya maziwa makusudi ili nipige kelele. Napiga kelele, kisha naingia ndani nashukuru.

Juzi yule bi harusi alirudi kujaribu gauni. Mama yake alipotoka nje kununua maji, akaniambia kwa sauti ya chini, "Aunti, nilimpigia nikamuuliza ile bima."

"Ehe, akasemaje?"

"Alinyamaza. Halafu akasema, ngoja nikaisome."

Nikamwambia huyo ni mume, mwanangu. Simama wima sasa nikukunjie pindo.

Allah awape mabiharusi wetu wote ndoa zenye utulivu, uzazi mwepesi na watoto wema. Awaponye waliolala hospitalini ugenini, awape subira waliopoteza watoto wao na awajaalie kuwa viombezi vyao kesho. Amin.

Wabillahi tawfiq.